Vitumbua vya Asilimia Arobaini na Tano

Ofisini kwetu wananiita Dada Nukta, na nimeacha zamani kukasirika. Ripoti yoyote inayopita mikononi mwangu, ikiwa na asilimia ndani, lazima nioneshe desimali mbili, hata bosi anune. "Dada, toa huo uchafu, watu wanataka namba nzima," ananiambiaga kila mwisho wa mwezi, na mie namjibu kwamba anayetaka namba nzima akahesabu mbuzi. Siku niliyopigiwa simu kwamba Mwanaidi amefariki nilikuwa kwenye kazi hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshachagua safu nzima ya visanduku kwenye jedwali la kompyuta, nimebonyeza kialama cha asilimia, na namba zote zimejipanga vizuri, zimenyolewa, hakuna nukta hata moja. Aliyepiga ni mdogo wake wa kike. Alisema, "Dada, Mwana katutoka alfajiri, tunazika leo alasiri," akakata, maana alikuwa na watu wengi wa kuwapigia. Nikabaki naitazama ile safu. Kisha, sijui kwa nini, mkono ukaenda kwenye kitufe cha kuongeza desimali, nikabonyeza, nikabonyeza tena, na mikia ya namba ikawa inachomoza huku machozi yananitoka. Mwenzangu wa meza ya jirani aliuliza kama kompyuta imegoma. Nikamwambia ndiyo, imegoma, nikachukua mkoba nikaenda zangu Tandale, kwao.

Mwaka ninaoutaka hapa ni ule tuliokuwa kidato cha tatu, mie na Mwanaidi, na kipande kidogo cha mwaka uliofuata. Nani alinizaa, na kwa nini nilikuwa nakaa Manzese kwa mama mdogo, hayo tuyaache, hayasaidii kitu. Shule nayo sitaitaja. Bado ipo huko huko Kinondoni, imepandishwa ghorofa, imepakwa rangi ya maziwa, na bango lake la getini limejaa picha za watoto waliopata daraja la kwanza. Picha za waliochujwa hawawekagi. Enzi zetu ilikuwa na sheria moja iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ukutani: asiyefikisha wastani wa asilimia arobaini na tano mwisho wa kidato cha tatu haingii cha nne. Shule nyingi za binafsi zilikuwa na mchezo huo, na bado zinao. Ukimwondoa dhaifu kabla ya mtihani wa taifa, matokeo yanatoka mazuri, na matokeo yakitoka mazuri wazazi wanapanga foleni getini. Sie tuliambiwa ni kwa faida yetu. Asiyefikisha alikuwa huru kurudia darasa au kutafuta shule nyingine, ndivyo walivyosema, huru. Mwanaidi uhuru huo hakuwa nao. Aliyekuwa anamsomesha ni mjomba wake wa Mbezi, mtu wa maneno machache, ambaye alishasema mbele ya kila mtu kwamba darasa moja yeye halilipii mara mbili. Akipata arobaini na tano, anasoma. Akiikosa, ndiyo basi.

Tulikuwa tunajisomea kwao Mwanaidi, Tandale. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na kuta za vyumba hazikufika juu, kwa hiyo aliyekohoa chumba cha mwisho mlimpa pole nyote. Chumba chao kilikuwa na kitanda kimoja kikubwa chenye chandarua kilichofungwa fundo juu, kabati la vyombo, na ndoo ya mchele ulioroweka kwa ajili ya vitumbua. Mama yake, tuliyemwita Mama Mwana kama alivyoitwa na mtaa mzima, alikuwa anakaanga vitumbua barazani na kuwauzia wapagazi wa sokoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki na tui la nazi kwenye mafuta ya moto, najikuta nakumbuka majina ya mito ya Afrika, maana ndiyo tuliyokuwa tunayakariri pale kitandani, miguu imening'inia, sahani ya vitumbua vilivyoungua katikati yetu. Vilivyoungua ndivyo vilivyokuwa vyetu. Chumba cha jirani alikaa Baba Shaabani na mkewe, na swali likitushinda jibu lilikuwa linatoka ng'ambo ya ukuta bila kuombwa, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na mara nyingi si lenyewe. "Mji mkuu wa Kongo ni Lubumbashi," mkewe Baba Shaabani alitangaza siku moja. Mwanaidi akamjibu, "Ahsante bibie, umetuokoa," akaandika Kinshasa. Alikuwa hivyo. Hakuwa hodari darasani, nisimsingizie marehemu, hesabu zilimtesa na fizikia ilimtoa jasho, lakini alikuwa na adabu hata kwa majibu ya uongo.

Mwaka huo ndio kompyuta iliingia ofisi ya taaluma. Kabla yake matokeo yalikuwa yanaandikwa kwa mkono kwenye karatasi ngumu ya manila, kila mwanafunzi na wastani wake. Mwalimu wa taaluma alikuwa Mwalimu Ndunguru, mtu wa kule kusini, mrefu, mpole, anayenawa mikono kabla ya kugusa vitufe. Alikwenda kozi kila Jumamosi kujifunza majedwali, na akirudi Jumatatu uso ulikuwa unang'aa. Mtihani wa katikati ya mwaka akauchapa mwenyewe. Alijaza wastani wa kila mtu, sitini na moja, hamsini na nane, akachagua safu yote, akabonyeza kialama cha asilimia, akachapisha na kubandika ubaoni pasipo kutazama mara ya pili. Kompyuta ilikuwa imezidisha kila namba kwa mia. Wa kwanza darasani alikuwa na asilimia elfu nane na mia mbili. Tulicheka mpaka kengele ikalia hatujaingia darasani, na toka siku hiyo mwalimu akawa Mwalimu Elfu, jina ambalo alilisikia na kulimeza. Mwanaidi alipofika nyumbani akamwambia mama yake amepata asilimia elfu nne na mia mbili. Mama Mwana akasema, "Mashallah," akageuza vitumbua vyake, kisha akauliza, "Na wa kwanza kapata ngapi?" Akaambiwa elfu nane na ushee. Akafikiri kidogo. "Basi bado una kazi," akasema.

Mwalimu Ndunguru alikuja darasani siku iliyofuata na chaki yake, akatueleza kosa lake lote bila kujificha. Alichora kisanduku ubaoni. Alisema kompyuta haina akili, ina utii tu: kisanduku kikiwa na namba tayari, ukakiambia kiwe asilimia, kitazidisha kwa mia, kwa hiyo ugawanye kwanza. Ama sivyo, kiambie kisanduku kikiwa bado kitupu, ndipo uandike namba yako, na hapo kitakuelewa. Halafu akasema neno ambalo nimeliwaza miaka yote hii. Alisema, "Kuanzia leo sitabandika kitu ambacho sijakikagua mpaka ndani." Alilisema kwa uchungu wa mtu aliyechekwa na watoto. Mwanaidi, aliyekuwa amekaa nami dawati moja, aliinamia sikio langu akaninong'oneza kwamba anamwonea huruma.

Miezi iliyobaki ilikuwa ya kusoma na kusali. Mjomba alikuja mara moja, Jumapili, akakaa kwenye kiti pekee cha ukumbini, na sie tulikuwa ndani tumenyamaza tunasikiliza, maana ukuta ule haukumficha mtu. Alikula vitumbua vyake kwa utulivu, akashushia chai. Mama Mwana alimweleza jinsi mtoto anavyojitahidi, jinsi anavyoamka na azana, jinsi alivyolia juu ya kitabu cha hesabu. Mjomba akasema, "Dada, mie nasoma ripoti. Machozi sijui kuyasoma." Hakulisema kwa ubaya. Mwanaidi alifunga daftari, akalifungua tena ukurasa ule ule.

Matokeo yalibandikwa siku ya kufunga shule. Safari hii Mwalimu Ndunguru alikuwa amefanya kila kitu sawa, amegawanya panapotakiwa, na safu ya mwisho ilisomeka vizuri, namba nzima yenye alama ya asilimia mbele yake. Majina yalipangwa kuanzia wa kwanza kushuka chini. Tulianza kujitafuta kutoka chini, kama wanavyofanya watu wanaojijua. Jina langu lilikuwa na asilimia arobaini na tano. La Mwanaidi lilikuwa chini ya langu moja kwa moja, nalo lilikuwa na asilimia arobaini na tano. Alilisoma kwa kidole, kutoka jina mpaka namba, mara nyingi. Kisha akakaa chini pale pale kwenye mchanga na sketi yake ya shule. Tulitembea kwa miguu mpaka Tandale tunaimba, na Mama Mwana alipoambiwa aliacha vitumbua viungue vyote, akapiga vigelegele, na wanawake wa nyumba nzima wakampokea, hata mkewe Baba Shaabani aliyekuwa anaoga akapigia vigelegele vyake bafuni. Mjomba alipelekewa ripoti. Akasoma arobaini na tano, akasema sawa, na Januari Mwanaidi akaingia kidato cha nne pamoja nasi, dawati la tatu, karibu na dirisha.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Kwa watu wetu mtoto akifaulu mwalimu hapitwi hivi hivi. Utampelekea hata kuku, hata embe, umwambie ahsante ana kwa ana. Mama Mwana tangu likizo alikuwa anasema, "Nimwendee mwalimu wenu," na Mwanaidi anamzuia kwa aibu za kisichana, "Mama, shule ya mjini ile, watanicheka." Mama yake akamjibu kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu, na kwamba aibu ingekuwa kukaa kimya. Wiki chache baada ya shule kufunguliwa akakaanga vitumbua vya peke yake, vya mchele mpya na nazi mbili, akavipanga kwenye hotipoti jipya lenye maua mekundu, akavaa khanga zake za sikukuu, akaja. Mwanaidi aliona khanga kupitia dirishani akainamisha kichwa dawatini. "Nenda wewe," akaniambia, "mie siwezi." Nikaenda mie, nikampokea Mama Mwana getini, nikabeba hotipoti.

Ofisi ya taaluma ilikuwa chumba kidogo nyuma ya stoo ya madawati mabovu. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye pindo za bluu, na pembeni kulikuwa na maboksi ya chaki na birika la chai. Mwalimu Ndunguru alisimama alipomwona mgeni. Mama Mwana alitoa shukrani zake kwa mpangilio, akaanza na Mungu, akaja kwa shule, akamalizia na yeye mwalimu, akasema, "Umenitolea mwanangu kwenye shimo, baba, Mungu akuzidishie." Mwalimu alifurahi mpaka akakosa pa kuweka mikono. Sidhani kama mzazi yeyote alishawahi kumwambia hivyo. Alikula kitumbua, akasifu, akachukua cha pili, na furaha ile ndiyo iliyomfanya afunue kompyuta. Alitaka kumlipa yule mama kwa kitu alichokuwa nacho. "Njoo nikuoneshe maendeleo ya binti yako," akasema, akanawa mikono, akafungua lile jedwali. Tukainama wote watatu.

"Huyu hapa," akasema, akaweka kidole kwenye kioo. "Arobaini na tano. Amevuka, mama, lakini amevuka kwa kukanyaga mstari. Ngoja nikuoneshe amezidi kiasi gani, ili ukirudi nyumbani umkazanie." Akachagua safu, akabonyeza kile kitufe chenye visifuri na kimshale. Namba zote zikafunguka kwa pamoja. Yangu ikawa arobaini na tano pointi mbili. Iliyo chini yake ikawa arobaini na nne pointi sita.

Mwalimu aliacha kutafuna.

Mama Mwana alikuwa amesoma madrasa na shule mpaka darasa la nne, na namba alikuwa anazijua vizuri sana. Aliona arobaini na tano imeondoka na arobaini na nne imekuja, mbele ya macho yake, kwa kidole cha yule mtu. Akauliza, "Mbona umempunguza?"

"Sijampunguza, mama. Ndivyo ilivyo."

"Si ilikuwa arobaini na tano sasa hivi? Si tumeiona wote?"

"Kompyuta ilikuwa inakadiria tu. Yenyewe ni arobaini na nne pointi sita. Ukiiambia ifiche hizi pointi, inapandisha juu, inaandika arobaini na tano."

"Basi iambie ifiche," akasema Mama Mwana.

Na mwalimu akaiambia. Nilimwona. Alibonyeza kile kitufe cha pili, cha kupunguza desimali, na arobaini na tano ikarudi mahali pake, nzima, safi. Mama Mwana akashusha pumzi. "Hiyo hapo," akasema, "iache hapo hapo, baba, usiiguse tena." Na nafikiri angeiacha. Mkono wake ulikuwa umeshatoka kwenye kipanya. Lakini harufu ya vitumbua ilikuwa imetoka hadi kwenye korido, na mkuu wa shule, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa ameshasimama mlangoni, ameshachukua kitumbua kwenye hotipoti lililokuwa mkononi mwangu na kusema ahsante, na alikuwa ameona.

"Ndunguru, hebu rudisha," akasema.

Akarudisha. Arobaini na nne pointi sita.

"Huyu wa arobaini na nne kaingiaje kidato cha nne?"

"Mkuu, ubaoni tulibandika arobaini na tano. Na kwenye ripoti tuliandika hivyo hivyo."

"Tulibandika kinachoonekana. Sheria inasema afikishe. Huyu kafikisha?"

Mwalimu Ndunguru alijaribu tena, akasema ni pungufu kidogo mno, akasema mtoto anajitahidi, akasema kosa ni lake kwa kuficha desimali. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mama Mwana kwa heshima zote, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, zile heshima. "Mama yangu, ukiniambia nimwache huyu, kesho atakuja wa arobaini na nne kamili, kesho kutwa wa arobaini na tatu. Nitasimama wapi? Hiyo unayoiona juu ni sura tu. Kilichomo ndani ni kingine."

"Ndani wapi?" akauliza Mama Mwana. "Mie naona hapa juu tu."

Mkuu alimaliza kitumbua chake, akafuta vidole kwa leso, akaniambia nikamwite Mwanaidi, aje na begi. Kulikuwa na mwingine mmoja aliyekuwa vile vile, arobaini na nne na pointi zake, lakini alishahamia Morogoro na wazazi wake, kwa hiyo aliyebaki ni yeye tu. Nilitembea kwenye ile korido na hotipoti bado liko mkononi. Mwanaidi aliponiona mlangoni alitabasamu, alidhani nimekuja kumcheka kwa ajili ya mama yake. Nilimwambia, "Unaitwa." Akasimama. Nikamwambia, "Na begi." Akaanza kukusanya vitu vyake taratibu, rula, kalamu, kitabu cha fizikia cha kuazima, na alipofika kwenye kitabu hicho akakirudisha dawatini kwa sababu kilikuwa cha shule.

Mjomba aliletewa ile ile ripoti yenye arobaini na tano. Aliitazama, akasema shule yenyewe imeikana, yeye nani aikubali. Hakurudi tena. Mama Mwana alizunguka mtaa mzima anasimulia, "Mwanangu alifaulu, wakampunguza mbele ya macho yangu, kibonye kimoja tu, tap," na watu wakamwamini, maana ni nani Tandale hajawahi kupunguzwa kitu mbele ya macho yake. Mie nilikuwa najua haikuwa hivyo. Nilikuwa nimeelewa somo la Mwalimu Ndunguru: kitufe kile hakiongezi wala hakipunguzi, kinafunua tu. Lakini sikumsahihisha, na mpaka leo sijui ningemsahihisha kwa faida ya nani. Watu walishangaa kitu kimoja. Mama Mwana aliacha vitumbua. Alisema chuma chake cha kukaangia kimepasuka, akahamia chapati, na hakununua kingine.

Mwanaidi alikaa nyumbani. Mwanzoni alikuwa anapiga pasi sare zake kila Jumapili, eti zisikunjamane. Nilikuwa nampelekea madaftari yangu, akayanakili, kisha akawa ananakili nusu, kisha nikawa nayakuta pale pale nilipoyaacha. Mwisho wa mwaka, kabla ya kidato cha tatu kingine kupewa matokeo yao, mkuu alitangaza mstarini kwamba kutokana na maombi ya mwalimu wa taaluma, kuanzia sasa wastani utakadiriwa: nusu kwenda juu inahesabiwa nzima. Watu walipiga makofi. Nilikwenda moja kwa moja sokoni Tandale, nikamkuta Mwanaidi anachambua mchele kwa tajiri mmoja aliyempa kibarua, ungo mapajani. Nikamweleza. Akasimamisha mikono.

"Ina maana mwaka huu ningepita?"

"Ungepita."

"Na alama zile zile?"

"Zile zile."

"Haya," akasema, akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa pembeni, akaendelea. Akaolewa mwaka uliofuata, huko Mbagala, akazaa watatu, akaachika, akarudi kwa mama yake. Sitaki kusema pointi chache ziliua mtu. Kilichomuua ni presha, hospitali wametuambia. Nasema tu kwamba mtu niliyekaa naye dawati moja, namba moja, mstari chini ya mstari, aliishi maisha ambayo sikuyaishi, na sijawahi kuona sababu yake ikiandikwa popote isipokuwa kwenye kile kioo. Watu msibani walisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, nikaitikia kama wote, na moyoni nilikuwa nimejaa hasira ambayo haina wa kupewa. Mwalimu Ndunguru mwenyewe alishafariki. Mkuu ni bibi kizee huko kwao. Nani nimgombeze, kompyuta?

Siku ya kuanua tanga Mama Mwana alinitumia mtu niingie ndani. Ni nyumba ile ile, chumba kile kile, ila kuta zimefikishwa juu siku hizi, na mlango ukifungwa umefungwa. Alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, macho yameingia ukungu wa uzee. Nilimwamkia shikamoo akaipokea, akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Nje walikuwa wanasafisha masufuria.

"Wewe si unashindaga na makompyuta," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nina jambo nataka uniambie, usinionee haya. Ile siku. Yule mwalimu alipobonyeza. Alimpunguza mwanangu, au hakumpunguza?"

Nilikuwa nina jibu tangu nikiwa na sketi ya shule. Ningeweza kumweleza kila kitu, kisanduku, kialama, pointi zinazojificha. Lakini ningekuwa namwambia mama ambaye udongo wa mwanawe haujakauka kwamba mwanawe alifeli kweli, na kwamba miaka yote hii amewahubiria watu kitu ambacho hakikuwapo. Sikuona maana yake. Niliona nimpe hii moja, haimgharimu mtu.

"Alimpunguza, mama," nikasema. "Mwanaidi alikuwa na arobaini na tano yake."

"Alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo kabisa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, na mie nikashusha pumzi, nikadhani nimefanya jema. Alikuwa anapapasa mkeka kwa kiganja, anaondoa vitu ambavyo havikuwapo.

"Basi nisingekwenda kushukuru," akasema, "angebaki nayo."